Kuvisha udongo sileni kwa ajili ya gundi za silikoni za joto kali

Gundi ya silikoni iliyotengenezwa vizuri huvumilia joto la 200 °C kwa muda mrefu. Taabu huanza juu ya hapo. Kwenye 250 °C polima hufa kwa njia mbili, na ni vizuri kuzitofautisha mapema kwa sababu dawa zake hazifanani.

Njia ya kwanza ni kulainika. Ncha ya mnyororo wa silisiamu na oksijeni hugeuka na kushambulia mwili wake wenyewe, kipande kinakatika na kujifunga kuwa pete ndogo ya siloksani, pete inaruka kama mvuke. Hili likiendelea, gundi hurudi kuwa uji wa kunata. Njia ya pili ni kukakamaa: oksijeni ya hewani hula vikundi vya methili, minyororo inafungana kupita kiasi, na mwisho gundi hupasuka ikikunjwa. Kulainika hutawala katikati ya ungio lililobanwa, hewa isipofika. Kukakamaa hutawala kingoni na kwenye tabaka nyembamba.

Udongo, unaotiwa ndani ya gundi kama kijazo, una mkono katika zote mbili. Asidi au alkali kidogo tu usoni mwa chembe huchochea kukatika kwa minyororo. Kwa hakika silikoni yenyewe hutengenezwa viwandani kwa kuchochea pete hizo hizo kwa asidi au alkali, na kwenye joto kali mwitikio hurudi kinyumenyume. Maji yaliyoshikiliwa na udongo husaidia ukataji huo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza utie udongo kiasi gani, shughulikia kwanza uso wake kwa kuuvisha sileni, kemikali ya silisiamu inayojifunga usoni mwa chembe.

Udongo upi

Chaguo la kwanza ni kaolini iliyochomwa kikamilifu, kwa joto la 1000 hadi 1100 °C, yenye chembe za wastani wa mikroni 1 hadi 2 na eneo la uso la mita za mraba 6 hadi 10 kwa gramu. Haina tena maji ya fuwele, uso wake una haidroksili chache, na inapokea sileni bila ubishi. Inaingia kwa wingi, sehemu 30 hadi 60 kwa kila sehemu 100 za polima, bila kuifanya gundi ishindwe kusukumika.

Kaolini mbichi ina maji ya fuwele karibu asilimia 14 ya uzito wake, ambayo huyaachia kati ya 450 na 600 °C. Gundi ya 250 °C haifiki huko, kwa hiyo si hayo maji yanayoiharibia sifa. Kasoro yake ni uso uliojaa haidroksili na unyevu unaorudi kila ukifungua mfuko.

Jihadhari na metakaolini, yaani kaolini iliyochomwa kwa 600 hadi 800 °C tu. Muundo wake umevurugika bila kutulia upya, alumini iliyo usoni ina tabia ya asidi, na ni mwepesi wa kunasa maji na alkali. Ni nzuri sana kwenye saruji kwa sababu hizo hizo. Mfuko ukisema "kaolini iliyochomwa" bila kutaja joto, uliza, au uchome tena mwenyewe: panda kwa 5 °C kwa dakika hadi 1050 °C, kaa hapo saa moja hadi mbili, acha ipoe ndani ya tanuru, kisha saga na uchekeche. Usipitilize sana 1100 °C, kwani chembe huanza kushikana na kuwa ngumu kiasi cha kukwaruza mashine.

Bentonaiti iliyosafishwa, ambayo sehemu yake yenye kazi ni montimorilonaiti, ni jambo lingine kabisa. Vibati vyake vina unene wa takriban nanomita moja, na vikitawanyika vizuri sehemu 1 hadi 4 zinatosha kuzuia gundi isichuruzike na kurefusha njia ya oksijeni kuingia na ya pete za siloksani kutoka. Lakini haichukui nafasi ya kaolini. Ukiongeza hadi sehemu 10 ukidhani utapata mara tatu ya faida, utapata madonge na gundi isiyosukumika.

Haloisaiti, udongo wenye umbo la mirija midogo, hufanya kazi ya kaolini kwa gharama kubwa zaidi. Hapa tunaiacha.

Vipimo vya kufanya kabla ya kuvisha

Unyevu: pima gramu 10, kausha kwa 120 °C saa nne, pima tena. Kwa kaolini iliyochomwa tafuta upungufu usiozidi asilimia 0.3 ukiwa umefungua mfuko sasa hivi. Ukivuka asilimia 1, ama haikuchomwa vya kutosha ama imehifadhiwa vibaya.

pH: chemsha maji yaliyotoneshwa uondoe gesi ya kaboni, yapoe, kisha koroga gramu 10 za udongo katika mililita 90 kwa dakika tano. Lenga 6 hadi 7.5. Bentonaiti ya sodiamu kwa kawaida hutoa 9 hadi 10, ndiyo maana haiingii kwenye silikoni ya joto ikiwa mbichi. Kaolini iliyo nje ya mipaka ioshe kwa maji yaliyotoneshwa mara mbili au tatu. Usijaribu kuisawazisha kwa kutia asidi au soda, kwa sababu chumvi inayobaki ni tatizo jipya.

Gesi: hiki hurukwa na wengi, na kwa gundi zinazoganda kwa kichocheo cha platini ndicho kinachoamua. Changanya gramu 20 za udongo mkavu na gramu 10 za mafuta ya silikoni yenye haidrojeni kwenye silisiamu, yaani yenye SiH. Weka kwenye chupa yenye mrija unaoingia ndani ya maji, pasha 60 °C kwa saa 24. Viputo vikiendelea kutoka baada ya hewa iliyopanuka kuisha, uso wa udongo unavunja SiH na kutoa haidrojeni. Udongo huo utatia matundu gundi yako na kuvimbisha makopo ghalani. Usiifunge chupa hiyo kamwe, na pasiwe na mwali wa moto karibu.

Hesabu ya sileni

Sileni hutandazwa usoni mwa chembe, kwa hiyo kiasi chake kinafuata eneo la uso. Gramu moja ya sileni hufunika takriban mita za mraba 78,000 zilizogawanywa kwa uzito wake wa molekuli. Viniltrimethoksisileni (148) hufunika kama 528. Metiltrimethoksisileni (136) kama 574.

Kilo moja ya kaolini yenye mita za mraba 8 kwa gramu ina mita za mraba 8000 za kufunikwa. Ukitumia sileni ya vinili peke yake: 8000 ÷ 528 = gramu 15.2.

Hapa kuna mtego, kwa sababu gundi ya platini huganda vinili inapofungana na SiH. Kaolini hiyo gramu 50 ndani ya gundi hubeba gramu 0.76 za sileni, karibu milimoli 5 za vinili. Polima yenyewe, ikiwa karatasi ya mtengenezaji inasema milimoli 0.05 kwa gramu, ina milimoli 5 kwa gramu 100. Maana yake udongo umeongeza vinili mara mbili bila mtu kuhesabu. Ukitia SiH kwa hesabu ya polima pekee, udongo unakula sehemu yake na gundi inabaki laini. Ukitia kwa hesabu kamili, gundi inafungana mno na kupoteza mvutiko, nayo gundi kati ya chuma na kioo inahitaji mvutiko kuliko inavyohitaji ugumu.

Suluhisho ni kuchanganya sileni: robo ya eneo ipewe vinili ili chembe ishikamane na polima kwa fungamano la kweli, robo tatu ipewe methili kwa ajili ya kuzuia maji tu. Kwa kilo moja ile: 2000 ÷ 528 = gramu 3.8 za vinili, na 6000 ÷ 574 = gramu 10.5 za methili. Vinili kutoka kwenye gramu 50 za udongo sasa inashuka hadi kama milimoli 1.3.

Aminosileni, ambayo wauzaji huipendekeza kwa kila kitu, usiivishe udongo wa gundi ya platini. Amini hulemaza platini, gundi haigandi au inaganda juu tu. Hata kwenye aina nyingine za kuganda, amini nyingi usoni ni alkali, na tumeshaona alkali inafanya nini kwenye 250 °C.

Kuvisha kwa njia ya majimaji, kilo moja

1. Kausha kaolini kwa 120 °C saa nne, ipoe ndani ya chombo kilichofungwa.
2. Changanya lita 2.2 za ethanoli na mililita 250 za maji yaliyotoneshwa. Tia asidi ya asetiki kwa matone hadi pH 4.5 hadi 5. Asidi hii imechaguliwa kwa sababu huondoka wakati wa kukausha; asidi ya haidrokloriki hubaki.
3. Ukiwa unakoroga, dondosha gramu 10.5 za sileni ya methili na 3.8 za vinili. Endelea nusu saa. Mchanganyiko lazima ubaki mwangavu. Ukifanya ukungu, sileni imeanza kujifunga yenyewe. Mwaga uanze upya.
4. Mimina kaolini kidogo kidogo huku ukikoroga kwa nguvu, kisha pasha uji 50 hadi 60 °C kwa saa moja, ukitumia maji ya moto badala ya jiko lenye mwali.
5. Tandaza kwenye sinia kwa kina kisichozidi sentimita 2, chini ya mfumo wa kuvuta hewa, hadi harufu ya ethanoli iishe. Usichuje, maana utaondoka na sileni. Usiingize sinia lenye ethanoli kwenye oveni ya umeme. Mvuke wake hulipuka. Methoksi hutoa methanoli pia, nayo ni sumu, kwa hiyo hewa ipite muda wote.
6. Oka kwa 115 °C saa tatu, geuza mara moja katikati. Hapa ndipo sileni inapofunga fungamano na uso. Kabla ya hapo imelala tu juu yake.
7. Saga kwa upole, chekecha kwa mikroni 45, funga ndani ya mfuko wa foili ikiwa bado ina uvuguvugu.

Kwa makumi ya kilo, tumia kichanganyio cha kasi: nyunyizia sileni iliyokwisha kuchanganywa na maji yenye asidi, kwa dakika 5 hadi 10, endelea kuzungusha dakika 15, kisha oka. Ni haraka na haina bwawa la ethanoli, ila ukinyunyiza harakaharaka chembe zilizo karibu na pua ya kinyunyizio hupata mara tano na nyingine hazipati kitu.

Kupima matokeo, tia kijiko cha unga ndani ya chupa ya maji na utikise. Uliovishwa hurudi juu na kubaki umeelea mkavu. Unaozama ni ule ambao haukuvishwa, na kiasi chake kinakuambia usawa wa kazi yako. Kipimo cha pili: changanya gramu 50 na gramu 50 za mafuta ya silikoni yenye mnato wa mPa·s 100, uliovishwa na usiovishwa kando kando. Uliovishwa lazima uwe mwepesi zaidi kukoroga. Ukiwa sawa, umevisha madonge badala ya chembe.

Bentonaiti kwa joto kali

Bentonaiti nyingi zilizobadilishwa kwa ajili ya rangi na grisi hubeba chumvi za amoniamu zenye mikia mirefu. Kwa gundi ya 150 °C zinafaa. Juu ya 180 hadi 200 °C amoniamu hiyo huanza kuvunjika, inaacha amini, na mahali ilipokaa kwenye kibati panabaki haidrojeni yenye asidi. Umeingiza asidi ndani ya silikoni kwenye joto lile lile ambalo polima ni dhaifu. Gundi za aina hii huonekana nzuri siku ya kwanza na kulainika baada ya siku chache ndani ya oveni.

Kwa 250 °C tumia ioni ya imidazoliamu, ambayo huvunjika kwa joto la juu zaidi. Fosfoniamu nayo huvumilia, ila mabaki ya fosfini hulemaza platini, basi iachie gundi zisizotumia platini.

Kwa gramu 20 za montimorilonaiti ya sodiamu yenye uwezo wa kubadilisha ioni wa milikwivalenti 95 kwa gramu 100, nafasi ni milimoli 19. Kloridi ya heksadesilimetilimidazoliamu, uzito wa molekuli 343, inahitajika gramu 6.5. Usizidishe. Ziada haishikwi na kibati, inakaa kama mafuta kati ya tabaka na huungua mapema.

Tawanya udongo katika lita moja ya maji ya 70 °C, koroga saa nne hadi usiku mzima uvimbe kabisa, acha mchanga utulie chini na umimine uji wa juu. Yeyusha chumvi katika mililita 200 za maji ya moto, idondoshe kwa nusu saa. Udongo utakatika na kuwa mabonge meupe. Koroga saa tatu, chuja, osha kwa maji ya moto hadi tone la nitrati ya fedha lisitie ukungu kwenye maji ya kuoshea. Kuosha huku kunachosha na ndiko kunakorukwa, na kloridi iliyobaki utaijua baadaye kwenye chuma kilicholiwa na kutu chini ya gundi. Kausha kwa 70 °C, saga, chekecha kwa mikroni 45.

Ukiwa na mashine ya mionzi ya eksi (shaba, nanomita 0.154), kilele cha sodiamu kilicho karibu na nyuzi 7 za 2θ, sawa na nanomita 1.26, lazima kishuke. Kikiwa nyuzi 4.4 umepata nanomita 2. Bila mashine, choma gramu moja kavu kwa 900 °C: upungufu wa karibu asilimia 27 unaonyesha ioni imeingia kwa kiasi kilichohesabiwa; asilimia 15 ni kazi nusu.

Gundi yenyewe, ya kuganda kwa platini

Tengeneza msingi mmoja kwanza, uugawe baadaye. Kwa gramu:

- polima yenye vinili kwenye ncha, mPa·s 10,000: 100
- kaolini iliyovishwa: 50
- silika nyepesi ya mwali, iliyokwisha kufanywa isipende maji: 6
- bentonaiti ya imidazoliamu, ukitaka: 1 hadi 2

Tia bentonaiti mwanzo kabisa, kwenye polima peke yake, na uipitishe kwenye mashine ya roli tatu mara mbili. Ikisubiri hadi kaolini iwe ndani haitatawanyika. Kisha kaolini kwa mafungu matatu, mwisho silika. Pasha hadi 140 °C chini ya ombwe kwa saa moja na nusu ukikoroga. Hatua hii huondoa unyevu wa mwisho, mabaki ya methanoli na, ikiwa silika ilitibiwa kwa silazeni, amonia pia. Poza chini ya 40 °C kabla ya kutia kitu kingine. Kipimo cha mfereji wa usagaji, bamba linaloonyesha ukubwa wa madonge yaliyobaki, kioneshe chini ya mikroni 40. Juu ya hapo pitisha tena kwenye roli.

Gawa msingi nusu kwa nusu. Upande A hupata gramu 3 za oksidi nyekundu ya chuma na kichocheo cha Karstedt chenye asilimia 2 ya platini, gramu 0.08, kiasi kinachotoa takriban sehemu 10 za platini kwa milioni. Upande B hupata kiunganishi cha SiH, gramu 0.05 za kicheleweshi cha ethinilisaikloheksanoli, na gramu 1 ya glisidoksipropiltrimethoksisileni ya kusaidia kushika chuma. Pande hizi zinachanganywa kwa uzito sawa, na wekundu wa A ni mlinzi wako: michirizi ikiwa bado inaonekana, hujamaliza kuchanganya.

Oksidi ya chuma haikuwekwa kwa rangi tu. Ndiyo inayopunguza kasi ya kukakamaa hewani, kazi ambayo udongo hauiwezi peke yake. Chagua iliyooshwa vizuri, isiyo na chumvi za kuyeyuka, na isage kwanza ndani ya gramu chache za polima zilizotolewa kwenye zile 100. Palipokatazwa wekundu, oksidi ya seriamu sehemu 1 hadi 2 hufanya kazi hiyo.

Kiunganishi kihesabiwe kwa vinili yote. Polima milimoli 5, udongo 1.3, jumla 6.3. Kwa uwiano wa SiH 1.7 kwa kila vinili 1 unahitaji milimoli 10.7 za SiH; kiunganishi chenye milimoli 7 kwa gramu kitaingia gramu 1.5. Si vinili yote ya udongo inafikika, kwa hiyo tengeneza pia ya uwiano mdogo zaidi, kama 1.3, uilinganishe ugumu na hii ya 1.7. Chagua kiasi kidogo kabisa ambacho ugumu wake umeacha kupanda, kwa sababu SiH ya ziada huendelea kufungana ndani ya oveni na gundi hukakamaa mapema.

Kubandika na kupima

Chuma kikwaruzwe, kifutwe kwa isopropanoli, kikauke. Acha unene wa gundi wa milimita 0.3 hadi 0.5, waya mwembamba wa kipimo hicho uliowekwa ndani ya ungio unasaidia kuudhibiti. Gandisha kwa 150 °C saa moja. Kabla ya kuipeleka kwenye 250 °C, ipandishe hadi 200 °C polepole na ikae saa tatu, ili vilivyobaki vitoke bila kuchimba matundu.

Vibao vya kuvuta vilivyopishana milimita 12.7, kwa upana wa 25.4 kama kiwango cha upimaji cha ASTM D1002 kinavyoelekeza, vitakupa nguvu. Ila nambari peke yake haitoshi. Tazama mahali palipokatika. Mabaki ya gundi pande zote mbili yanasema gundi ilikatika yenyewe. Upande mmoja ukiwa msafi, ilibanduka, na tatizo ni la uso wa chuma au sileni ya kushikisha, si la udongo.

Kwa joto, weka vibao na karatasi ya gundi ya milimita 2 kwenye oveni ya hewa inayozunguka kwa 250 °C, saa 168. Pima uzito na ugumu wa Shore A kabla na baada. Pamoja na hizo, weka sampuli moja iliyobanwa kati ya bamba mbili za chuma pana, kingo zake zimefungwa. Gundi inayopita kwenye karatasi iliyo wazi inaweza kuwa uji kabisa ndani ya bamba. Bila sampuli hiyo hutajua.

Silikoni inayopashwa moto hewani juu ya 150 °C hutoa formaldehidi kidogo, basi oveni itoe hewa nje. Na udongo mkavu, hasa bentonaiti, unaweza kubeba vumbi la kwatsi: vaa barakoa ya chujio la P3 unapopima na kuchekecha, futa kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia.

Ikiharibika

Juu imeganda, iliyogusana na udongo au chuma inanata: platini imelemazwa. Anza kwa kugandisha polima na vitendanishi bila udongo. Ikiganda vizuri, rudi kwenye udongo utafute amini. Glavu za mpira wa asili, tepu na vifaa vilivyotumika kwenye silikoni inayoganda kwa kichocheo cha bati ni washukiwa wengine.

Viputo vidogo vilivyotawanyika sawasawa ni unyevu au haidrojeni. Kipimo cha gesi kitatofautisha. Matundu makubwa machache ni hewa ya kuchanganya, ongeza muda wa ombwe.

Iliganda vizuri mwezi wa kwanza, sasa inachelewa: uso wa udongo ulio upande A umenasa platini taratibu. Uvishaji haukukamilika. Kuongeza kichocheo huficha kasoro hiyo kwa wiki chache tu.

Ugumu umeshuka baada ya oveni, uzito umepungua: minyororo inakatika. Pima tena pH ya udongo, na kama ulitumia bentonaiti ya amoniamu, itoe. Ugumu umepanda na kingo zimepasuka: ni oksijeni au SiH ya ziada. Kuongeza udongo hapo kutazidisha ukakamavu.

Gundi za kopo moja zinazoganda kwa unyevu

Udongo ule ule unafaa, lakini masharti ya maji ni makali: chini ya asilimia 0.1, au gundi itaganda ndani ya kopo. Hapa sileni ya methili peke yake inatosha. Kichocheo cha bati hukata minyororo kwenye joto mahali palipofungwa, kwa hiyo juu ya 200 °C pendelea mfumo wa alkoksi wenye titani. Aina ya asetoksi hutoa asidi ya asetiki inayokula shaba na zinki. Aina ya oksimu hutoa oksimu ya butanoni, ambayo Umoja wa Ulaya umeiorodhesha kuwa kisababishi cha saratani.

Juu ya 600 °C

Hapo polima haibaki. Inageuka unga mweupe wa silika unaodondoka ukiguswa. Ungio likihitaji kubaki na umbo wakati wa moto, ongeza sehemu 10 hadi 20 za unga wa kioo unaolainika kati ya 400 na 600 °C, na sehemu 10 za maika. Kioo huyeyuka na kuunganisha kaolini, maika na silika ya polima kuwa gamba gumu. Ubaya ni kwamba vioo vingi vinavyolainika mapema vina alkali nyingi, na alkali hiyo hufupisha maisha ya gundi kwenye 250 °C ya kila siku. Tafuta kioo chenye alkali kidogo, ukipime pH kama ulivyopima udongo, na urudie jaribio la bamba zilizobanwa kabla ya kukikubali. Kisipopita, weka gundi isiyo na kioo ndani ya ungio na upake ile yenye kioo kwa nje, unene wa milimita 2 hadi 3, mahali moto utakapofika kwanza.